Sitara ya Mzee Otto

Hapa Mawaleh, mtaa wetu wa Maskati, akifa mwanamme, hata maji hayajapata moto, mtu keshatumwa kumwita Mahfoudh aje kuosha. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mzito. Muosha maiti akiona kovu, kidonda au alama ya aibu hulifunika, likazikwa na mwenyewe. Mahfoudh hilo alilishika kikweli, na ndilo lililomponza.

Ujanani, alipotoka Unguja kwenda kusomea umeme Ujerumani, alipanga chumba kwa mzee Otto, aliyepigana vita vikubwa katika divisheni ya askari wa miguu. Siku moja ya baridi kali mzee alimwambia, huku analia, kwamba kule Urusi kikosi chao kiliwafungia wanakijiji ghalani, kikatia moto. Komeo alilitia yeye Otto. Akakitaja na kijiji, mara mbili, kama anayeogopa kisisahaulike.

Mwaka 1998 akaja Maskati Inge, binti wa Otto. Baba keshakufa, naye anaandika historia ya divisheni ile. Sebuleni, kahawa na halua mbele yao, akauliza kwa Kijerumani, "Kaka Mahfoudh, baba alikupenda. Aliwahi kukwambia alimdhuru mtu asiye na silaha?"

Lo! Mawazoni akamwona Otto kalazwa kitandani pa kuoshea, akamfunika.

"Hata siku moja," akasema. Na alijiona kafanya wema, masikini!

Mwaka wa pili kitabu kikaletwa. Mahfoudh akakifungua kwa furaha, akasoma, akarudia kusoma. Imeandikwa kwamba divisheni haikugusa raia, na shahidi mmoja ni Mahfoudh wa Maskati, mtu mkweli. Ikabidi amweleze mkewe, Shariffa, yote.

Shariffa hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Otto umemsitiri, haya," alisema. "Na wale wa ghalani nani aliwaosha? Nnakuuliza, Baba Rawya."

Mahfoudh akaona haya mpaka akashindwa kumtazama. Jioni ile ile akampigia Inge simu, akamwambia yote: ghala, moto, komeo. Inge akalia, kisha akajikaza.

"Kijiji gani, kaka? Nitaandika upya. Nitawatafuta watu wao."

Mahfoudh akafumbua mdomo. Uso wa Otto anauona, machozi yake anayaona, hata koti alilovaa. Jina la kijiji halimo kichwani. Miaka thelathini na kitu hakulitaja hata mara moja, akijisifu kwa kuficha.

"Kaka?" akaita Inge. "Nimeshika kalamu."