Siku Tuliyoiwahi Idi Ndagoni

Sisi tuliozaliwa bendera ya nchi ikiwa bado inanukia upya, likizo hatukuijua kwa jina. Tulijua kwenda kwa babu, basi. Wiki nzima hulali: unaota madafu, unaota bembea ya kamba, na viatu vyako vya plastiki umevilalia kichwani visije vikaibwa. Watoto wa leo, na redio kaseti zao begani, ukiwaambia Baleni mpaka Ndagoni, humu kisiwani kwetu, tulikwenda kwa miguu, wanakucheka.

Ila safari nisiyoisahau haikuwa na bembea. Baba alijiandikisha kijiji cha Ujamaa Baleni, akamhamisha mama kutoka Ndagoni kwao. Babu, yaani baba yake mama, alikasirika hata akaacha kumwitikia mama salamu. Miaka mitatu. Mama akaapa kwamba Idi ile lazima ampe babu mkono, apate radhi yake.

Redio ya duka la kijiji ikatangaza mwezi umeandama. Asubuhi tukasali, tukashika njia: baba na kaunda suti, mama na khanga mpya, mimi na mdogo wangu Zuhura tunatafuna vitumbua, mafuta yanachuruzika mpaka viwikoni.

Tukaingia Ndagoni jua la utosi. Watoto wakatuzunguka.

"Kobe! Kobe hao, tena wamevaa suti!"

Kobe ni mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Kumbe Ndagoni bado wamefunga! Wazee wa pale walisema mwezi wa redioni si mwezi, mpaka wauone wenyewe kwa macho.

Babu alikuwa barazani. Mama akapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Tumekuja kukupa mkono wa Idi."

Babu akamtazama Zuhura, kitumbua kimemjaa mdomoni.

"Idi gani? Mimi mwezi sijauona. Rudini kesho."

"Mzee, nchi nzima imefungua," baba akasema.

"Basi kale na nchi nzima."

Mimi nilicheka. Mungu anisamehe, nilikuwa mtoto. Mama hakucheka.

"Tulale hapa, baba watoto," alimbembeleza baba uani kwa mama mdogo. "Kesho atanipa mkono. Namjua baba yangu."

"Nilale niitwe kobe mara ya pili? Na kesho ni zamu yangu shamba la kijiji."

Tukageuza. Mama alitembea nyuma yetu njia nzima, anajifuta macho kwa ncha ya ile khanga mpya. Vitumbua vilibaki, hata Zuhura hakuvitaka.

Baadaye mama mdogo alikuja kutusimulia. Kesho yake babu alioga alfajiri, akavaa kanzu, akakaa barazani. Kila mpita njia, babu anamuuliza, "Wa Baleni hawajaja?" Mpaka adhuhuri. Saa hizo baba anapalilia mihogo ya kijiji, mama anafua nguo zetu za Idi. Ramadhani nyingine babu hakuifikia.

Siku hizi redio ikishasema, karibu kisiwa kizima kinafungua siku moja. Watoto hata kutoka nje kuutafuta mwezi hawatoki, wanangoja taarifa ya habari. Ni raha, sikatai, hakuna anayeitwa kobe. Lakini kila mwaka, Idi ikishapita kwa watu wote, mama huamka kesho yake, akaoga, akavaa vizuri, akakaa barazani mpaka adhuhuri.