Miezi Sita ya Mlango Usiokuwepo

Mimi ni fundi cherehani, na ukali nimezaliwa nao, sikatai. Ila hasira hizi za sasa nimepewa ofisini.

Tuliitwa Kilosa mjini, semina ya wafanyabiashara wadogo. Bwana wa kodi, kijana wa kumzaa kabisa, alianza kwa adabu: "Shikamooni, mama zangu." Tukamwitikia kwa furaha. Akasema biashara mpya ikisajiliwa inapumzishwa kodi miezi sita, mtaji ukue. Nikajiambia, ngojangoja huumiza matumbo. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono, nikaandikishwa palepale, nikapewa cheti, na picha tukapiga.

Wakati huo chumba changu cha biashara kule Mabwerebwere hakikuwa hata na mlango. Nilishapanga: nifungue, nishone sare za shule bila kodi, na faida iongezee akiba yangu ninunue ovaloki, ile mashine ya kufunga pindo nguo isifumuke. Bila ovaloki, fundi wa sare ni nusu fundi.

Mvua zikaja. Fundi wa mlango akala hela yangu, akaenda zake Magole kulima mpunga. Nilipopata mlango hatimaye, nikaenda kuuliza pumziko langu linaanza lini. Kijana yuleyule akatazama kompyuta.

"Limekwisha, mama. Linahesabiwa tangu siku ya cheti."

"Nimepumzika nini, mwanangu? Sijashona hata kifungo!"

"Ndivyo mfumo unavyosoma, mama."

Mfumo! Kwani mfumo ulipita Mabwerebwere ukaona mlango? Wakanikadiria kodi ya miezi inayofuata kama mtu aliyekwisha kuuza nusu mwaka, na akiba ya ovaloki ikaishia pale dirishani. Mpaka leo sketi zangu nazipakia bodaboda zikafungwe pindo kwa fundi mwingine, ananichelewesha makusudi, na wateja wananitukana mimi. Inaniuma, tena inaniuma sana.

Majuzi kukawa na semina nyingine. Nikaitwa mbele niwe mfano wa mama aliyeitikia wito.

"Shikamoo, mama," akasema kijana yuleyule wa kodi, anatabasamu.

Ukumbi ukasubiri. Kwetu hata mwizi akikuamkia, unamwitikia. Mimi sikumwitikia. Niliwageukia wanawake wenzangu, kalamu wameshashika, fomu za usajili ziko magotini.

"Nani hapa hana mlango bado?"

Mikono ikanyooka, mingi kuliko nilivyodhani.

"Basi wekeni kalamu chini."

Wakaweka.