Maji ya Mtu Asiye na Kiu

Alikuwa amefundisha Kilatini mpaka watu wakamwita Bi Kilatini, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwa mama mzazi tu. Ndiye aliyemfundisha hata mdogo wake, mezani jikoni, huku wakimenya viazi. Sasa walikuwa wakifasiri pamoja kitabu cha barua za kale, za siku zile dola ya Roma ilipokuwa inabomoka, na roho ilikuwa inamuuma vibaya.

Iliyomuuma ilikuwa barua moja. Mwandishi anamtembelea rafiki yake, anaisifu bustani mti kwa mti, sifa kemkem, kisha ghafla anasema: "Nikaomba maji, ingawa sikuwa na kiu." Halafu huyo, anaendelea kusifu! Maji ya nini sasa? Wataalamu walikuna vichwa wakaacha. Bi Kilatini alikesha na kamusi yake iliyochanika mgongo, wapi!

Mdogo mtu akaja na jibu: bustani ni anasa za dunia, maji ni imani. Mhariri wa kitabu chao akapiga meza. "Hapo sasa! Maelezo ya barua hii andika wewe, na jina lako litakaa chini yake."

"Hongera, mdogo wangu," Bi Kilatini alisema, na tabasamu la kuazima.

Siku moja kabla kitabu hakijapelekwa kuchapwa, mdogo wake alimwalika akaone chumba chake kipya cha kusomea. Rafu zimegusa dari. Kamusi mpya zimejipanga kama askari. Bi Kilatini akasifu rafu, akasifu meza, akasifu hadi pazia. Mashavu yakaanza kumuuma.

"Na kiti kinazunguka, dada! Kalia uone."

"Mifupa hii? Nikizungushwa utaniokota vipande vipande."

"Dada naye!"

"Hebu niletee maji, mwaya."

Mdogo mtu alipotoka tu, Bi Kilatini akauachia uso wake uanguke, akashusha pumzi. Ndipo akashtuka. Yule bwana wa kale naye alisimama hivihivi, katikati ya miti ya mwenzake, akatafuta upenyo wa kuacha kutabasamu!

Angeweza kunyamaza. Maelezo ya imani yangechapwa, na siku moja mjuzi fulani angemcheka mdogo wake. Wazo lilimnoga, kwa kweli.

Bilauri ikaletwa. Akaiweka mezani.

"Maelezo yako siyo," akasema. "Alitaka mwenyeji atoke kidogo. Alikuwa anakufa kwa wivu."

"Dada! Mhariri ameshapitisha. Nani kakuambia hayo?"

Mdogo wake akaitazama bilauri, imejaa pomoni, haijanywewa hata tone. Akamtazama dada yake. Akaitazama tena.

Akakaa polepole kwenye kile kiti, akafuta maelezo yake yote, akaandika upya.

"Chini niweke jina la nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Langu," Bi Kilatini akasema, aibu ikimchoma masikio. "Wivu wenyewe si wangu?"