Waya Mwembamba na Breka Kubwa

Mwanangu, nakumbuka vizuri siku ya harusi nyumbani kwa mjomba wangu, kijijini Mnyuzi. Nilikuwa kijana, fundi umeme wa juzi tu, na kwetu Wazigua mjomba akisema, mpwa hutii. Mimi siku ile sikutii.

Watu walikuwa wamechomeka friji na spika za muziki kwenye laini ya taa, ambayo waya wake ni mwembamba. Breka, kile kiswichi kinachokata umeme waya ukizidiwa, ikawa inajizima kila wimbo ukinoga. Mjomba, ambaye hata chai ikichelewa hukasirika, akatuma mtu Korogwe mjini. Akaletewa breka kubwa mara tatu kuliko ile.

"Weka hii," akaniambia mbele ya wakwe. "Haitajizima tena."

"Shida ndiyo hiyo, mjomba. Haitajizima hata waya ukiungua."

"Unanikatalia mbele ya wageni? Nani aliyekupeleka kujifunza ufundi?"

Ni yeye. Niliona aibu, mwanangu, lakini sikuondoka mbele ya boksi la umeme. Waya ule ulipita darini, juu ya chumba alichofungiwa bibi harusi na wenzake, na mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani kama desturi inavyotaka.

"Basi, mjomba, kwanza amuru wamtoe binti yako chumbani. Moto ukianza, utaanzia juu ya kichwa chake."

Akautazama mlango. Ndani wasichana walikuwa wakiimba na kucheka. Mjomba akaitia breka mfukoni mwa kanzu, akawageukia vijana wa muziki.

"Chomoeni! Harusi hii tutaiimba kwa midomo yetu."

Wakwe walinuna. Sikujali, na hadi leo sijali.

Basi nisikilize. Breka kazi yake ni kuulinda waya, si kuifurahisha sherehe. Waya wa milimita za mraba moja na nusu uwekee breka ya ampea kumi. Wa mbili na nusu usivuke ishirini. Ikijizima kila mara, punguza mzigo, au vuta waya mnene zaidi uwe laini ya peke yake. Atakayekushinikiza, awe bosi, awe baba mkwe, mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie. Mungu akupe mkono makini na moyo usioyumba, na kila nyumba utakayoifungia umeme, watu wake waamke wazima.