Mashine ya Valvu Moja

Shemeji yangu Kibwana nampenda, lakini kwa lile la mashine sijamsamehe, na akinisikia na anisikie!

Mkewe, dada yangu Mwanamkasi, masikio yalikuwa yanaziba. Kwanza ilimpotea adhana, kisha hodi mlangoni, kisha sisi wenyewe mpaka tupige kelele. Na binti yao wa pekee, Ashatu, alikuwa amekwisha tangulia, kwa uzazi, Mungu amrehemu. Alituachia sahani moja ya santuri, aliyoimba na chama chao cha taarabu hapa Bagamoyo. Gramafoni yetu ya kuzungusha kwa mkono ilikuwa na sauti ya mbu. Dada akiingiza kichwa ndani ya pembe lake, kanga inakwama humo, na hasikii kitu.

"Nimsikie mara moja tu," alikuwa akisema, "kabla hayajaziba kabisa."

Kibwana akapata habari kwamba fundi Sadallah wa Dar es Salaam ana mashine za kukuza sauti, zinazotumia betri ya gari. Akauza cherehani yake, na yeye ni fundi cherehani. Sote tulikuwa tumeshikwa na wazimu.

"Nenda naye akasikilize mwenyewe," nikamwambia.

"Sihaba, una akili wewe? Mke wangu akakae dukani katikati ya wanaume, apigiwe makelele sikioni, watu wamcheke?"

Haya zake hizo! Akaenda peke yake.

Mengine alinisimulia baadaye. Mashine zilikuwa mbili mezani. Kubwa ilikuwa ikisukuma sauti kwa valvu mbili, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani. Ilitikisa vikombe vya fundi, lakini ilikwaruza. Ndogo ilikuwa na valvu moja tu, sauti ya chumbani, laini, safi. Sadallah akaijaribu sahani ya Ashatu kwenye zote mbili. Kwenye ile ndogo Kibwana akamsikia mwanawe akivuta pumzi kabla ya ubeti. Pumzi yake, jamani!

"Amua sasa hivi," fundi akamwambia. "Utakayoiacha inakwenda Pemba kesho alfajiri."

Akachukua ile ndogo.

Alirudi uso umemchangamka, wala tangu msiba nilikuwa sijamwona hivyo. Akaunga waya, akaweka betri chini ya kitanda. Dada akavaa kanga mpya, akafukiza udi, akaketi mkekani mbele ya spika, kiganja nyuma ya sikio, akafumba macho.

"Haya, Baba Ashatu. Niko tayari."

Kibwana akazungusha kitufe cha sauti mpaka kikagoma, akashusha sindano.

Wallahi Ashatu aliingia chumbani. Nilimsikia anavuta ile pumzi, kisha sauti yake ikatoka, nikashika ukuta. Kibwana akaporomoka sakafuni, analia hata kamasi hafuti. Ubeti wa kwanza ukapita, na wa pili. Mimi namtazama dada yangu, naomba Mungu midomo yake itikisike, anyanyue hata kidole. Amekaa vilevile, anasubiri kwa adabu.

Wimbo ulipokuwa unakwisha akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mnalia," akauliza, "na hata haijaanza?"