Dada alivyolipa vidonge vya homoni kama anavyolipa funga

Wakuu, heshima zenu. Hii imetokea hapa Mwanza kwa dada yangu wa tumbo moja. Ameniruhusu niandike, sharti lake nisitaje jina. Chumvi sijaongeza.

Wanaume msikimbie, mna wake na mama.

Dada ana hamsini na kidogo, anakaanga na kuuza samaki, sato, kule Nyegezi. Hedhi ilishakoma kitambo. Kilichomtesa ni lile joto la kupanda ghafla kifuani mpaka usoni. Sasa fikiria uko mbele ya karai la mafuta, halafu moto mwingine unawaka ndani yako. Usiku halali, mchana anagombana na wateja.

Hospitali wakampima presha, wakamuuliza kama ameshawahi kuugua saratani ya titi, ini, au damu kuganda. Hakuna. Wakamwanzishia homoni, vidonge aina mbili. Estrogen asubuhi kimoja, progesterone usiku kimoja.

Joto likapungua, akaanza kucheka tena. Nikamshukuru Mungu.

Ramadhani ikaingia.

Kile cha usiku kinaleta usingizi, dada akaogopa kupitwa na daku. Akakiacha. Cha asubuhi akakiacha pia kwa sababu amefunga. Hakuuliza mtu. Angeuliza, angepangiwa muda wa kunywa baada ya kufuturu.

Sasa kwetu Waislamu, siku ya Ramadhani ikikupita kwa hedhi au ugonjwa, unailipa baadaye. Dada hajawahi kubaki na deni la funga tangu avunje ungo.

Basi baada ya Idi akawa analipa na vile vidonge vilivyompita. Asubuhi cha leo, juu yake viwili vya Ramadhani. Vya estrogen tu. Cha usiku hakukirudia kabisa, alikiona ni cha kuleta usingizi tu.

Mimi nimejuaje? Nilienda kumsalimia, magharibi ikaadhiniwa, yeye ametulia anachambua mchele.

"Dada, huswali?"

"Niko siku zangu."

"Siku zipi tena?"

"Zimerudi. Nyie wenzangu mnazeeka, mimi narudi usichana. Mwambie shemeji yako ajiandae."

Sikucheka. Mimi nimesoma ukubwani, madarasa ya jioni, na mwalimu wetu wa biolojia alitusisitizia jambo moja: hedhi ikishakoma kabisa halafu damu ikatoka, usiiite hedhi. Nenda kapimwe.

Nikamuuliza dawa anakunywaje. Akanieleza kwa kujivunia kabisa, "Vimebaki vichache nimalize deni." Maziwa yanamuuma, kichefuchefu kila asubuhi, na bado analipa.

Mama yetu mdogo alianza hivi hivi, damu kidogo kidogo, akanyamaza. Anafika hospitali, saratani ya kizazi imeshasambaa. Tulimzika.

Nikasema kesho tunaenda. Akakataa. Mara samaki wataharibika, mara siku hizi nimekuwa msomi namtisha.

"Dada, shikamoo yako iko pale pale," nikamwambia. "Ila kesho nikishaswali alfajiri niko mlangoni kwako."

Nikawepo, na bajaji ikiwa inanguruma. Akatoka amenuna, njia nzima hakunisemesha.

Daktari, mama wa makamo, alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza taratibu, "Ulikuwa unamlipa nani, mama?"

Kisha akamfafanulia.

"Kidonge hakilipwi. Kikikupita kimepita, unaendelea na kinachofuata kwa muda wake. Ukivirundika unajipa dozi ambayo hakuna aliyekupimia."

Akatueleza kwamba estrogen ikiwa peke yake inanenepesha utando wa ndani ya kizazi, na ikiachwa hivyo muda mrefu inaweza kuleta saratani. Progesterone ndiyo inayoulinda ule utando. Kwa hiyo mwenye kizazi chake asiache kimoja akabaki na kingine.

Ultrasound ikaonyesha utando umenenepa. Wakachukua kinyama cha ule utando kupeleka maabara, dawa zikasimamishwa.

Kusubiri majibu wakuu, msiombe. Joto likamrudia, hakulalamika. Utani ukaisha. Akaniuliza tu, "Ikiwa ndiyo yenyewe, utaniambia bila kunificha?" Nikasema nitakwambia. Kila nikisujudu nilikuwa namtaja yeye.

Majibu yakatoka. Sio saratani. Utando umenenepa kwa homoni, atatibiwa na kurudi kupimwa.

Dada alilia pale pale kwenye kiti. Alipojifuta machozi akauliza, "Na swala nilizoacha nikidhani ni hedhi?"

Daktari akasema, "Hizo kamuulize shekhe. Mimi ni wa vidonge."

Kwa mara ya kwanza tangu tupande ile bajaji, tulicheka wote.

Baadaye, utando ulipopungua, akaanzishiwa upya dawa zote mbili kwa dozi ndogo, na ameambiwa arudi kabla ya Ramadhani wapange muda.

Nilichojifunza: homoni sio sumu kama wanavyosema mtaani, lakini haitaki mtu ajipangie. Wateja wake wawili walishamwomba awagawie, nimemkataza mbele yao, waende wakapimwe wenyewe. Na ukiwa kwenye dawa hizi ukaona mguu mmoja umevimba unauma, kifua kinabana au pumzi inakata ghafla, huenda damu imeganda, usisubiri kesho, kimbia hospitali.

Mama au dada yako akiwa kwenye dawa hizi, usimuulize kama anakunywa. Muulize anakunywaje.

Nyie mnaotumia, mlipangiwaje wakati wa mfungo? Na madaktari wa humu, nilipokosea nirekebisheni, dada naye anasoma.