Ngozi ya Ng'ombe wa Manga

Kazi yangu ilikuwa kubeba sanduku la barafu kavu. Kabla yake nilikuwa nimepakia ndizi soko la Daraja Mbili, nikachanganya zege Mosocho, nikachuma chai Nyamira, na kila mahali niliondoka mara tu nilipoelewa kazi inavyokwenda. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu hiyohiyo. Kwa daktari wa mifugo nilikaa, maana kazi yake sikuielewa.

Alikuwa mama wa makamo kutoka pande za ziwani, akichunguza jinsi dawa za kupe zinavyopenya mwilini mwa ng'ombe. Siku moja tuliitwa kijijini Manga kwa mwendesha boda boda mmoja. Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa ameamka mzima, akatetemeka, akatoa povu, akafa. Tulipofika alikuwa ameshapasuliwa. Majirani walikuwa wamejaa na majani ya mgomba mikononi, kila mmoja akingoja kipande, kwa kuwa kwetu mnyama akifa watu huchukua nyama ili mwenyewe asipate hasara tupu. Harufu ya utumbo ilichanganyika na nyingine kali, kama ya gereji.

Huku wakikata na kugawana, walikuwa wakisema ng'ombe amelishwa sumu. Aliyetajwa ni mama mdogo wa mwendesha boda boda, mjane wa baba yake, aliyeishi peke yake nyumba ya chini na aliyezoea kumtupia ng'ombe huyo maganda ya ndizi. Mwenye ng'ombe alitaka ahame boma. Nilimwuliza bwana mmoja aliyekuwa akifunga maini, kama ni sumu, mbona anabeba. Akanijibu kwa upole kwamba sumu hufia motoni.

Daktari alikata haraka: ngozi ya mgongoni pamoja na mafuta ya chini yake, ukuta wa tumbo, ini. Alikataza kuosha, kwani maji yangesogeza kile alichokitafuta. Nilipokea vipande vikiwa bado na joto nikavitia kwenye barafu, na kinyesi kikapenya kwenye glavu yangu. Wazee wa ukoo wakaamua mjane asifukuzwe hadi majibu yatoke. Lakini salamu alinyimwa siku ileile, na kisimani walimpisha kama mtu anayenuka.

Njiani nilimsumbua daktari kwa maswali. Akanieleza kwamba kipande hukatwa kikiwa kimeganda, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kikalazwa juu ya kioo. Mwanga mkali hukipiga nukta baada ya nukta; kila nukta hurusha molekuli zake, na mashine huzipima uzito. Uzito ndio husema hii ni nini. Na kwa kuwa nukta zinajulikana zilipokaa, zikipakwa rangi unapata picha ya nyama yenyewe, ikionyesha dawa ililala wapi.

Picha zilipofika kwenye kompyuta yake, tulirudi Manga. Aliiweka juu ya kiti cha plastiki mbele ya nyumba ya mjane, ukoo ukainama kutazama. Ukuta wa tumbo ulikuwa mweusi mtupu. Ngozi iliwaka njano, rangi ya dawa, kuanzia nje, njano ikashuka kwenye mashina ya manyoya, ikatuama kwenye mafuta. Ilipendeza macho.

"Sumu haikupitia mdomoni," daktari alisema. "Imeingilia ngozini. Ulimpaka nini?"

Mwenye ng'ombe alieleza bila aibu. Mvua ya Manga huosha dawa ya kupe kabla kupe hawajafa, basi aliichanganya bila maji na oili chafu ya pikipiki yake, ili ishike. Alimpaka mgongo mzima kwa mkono.

Kisha akauliza jambo lililomkaa rohoni. "Kwa hivyo daktari, yale mafuta ya nyama tuliyokula hayana shida?"

Kina mama wawili wakatema mate. Yule bwana wa maini akajishika tumbo, ingawa wiki kadhaa zilikuwa zimepita. Mjane alisimama mlangoni pake, na hakuna aliyemgeukia. Hatimaye mzee mmoja akamwambia, kana kwamba anampa zawadi, kuwa sasa anaweza kukaa. Mwendesha boda boda akanyoosha mkono amsalimie.

Mjane aliutazama ule mkono, kucha nyeusi kwa oili hadi kwenye nyama.

"Nawa kwanza," alisema, akaingia ndani na kufunga.

Mtu akacheka. Mwendesha boda boda akajipangusa kwenye suruali, akabisha hodi.